Mti wa Nyikani Nilioulisha Samadi

Mjukuu wangu aliyeshika kalamu hii alirudi kutoka Arusha mwezi uliopita akiwa na chungu kidogo cha plastiki. Ndani yake mlikuwa na mmea mfupi, mnene chini na mwembamba juu, wenye maua mawili mekundu yaliyopauka katikati. Akaniambia unaitwa waridi la jangwani, na kwamba aliyemuuzia amemwonya asiumwagilie maji mara kwa mara. Kisha akaanza kunieleza sababu, polepole, kwa sauti ile ambayo vijana huitumia wanapozungumza na wazee na watoto wachanga. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Halafu nikamwamuru aketi aandike, kwa kuwa sababu hiyo naijua kuliko yeye na kuliko muuzaji wake, nami niliijua kwa njia isiyo na heshima.

Ilikuwa katika miaka ya themanini, baada ya vita, wakati nchi nzima ilipoishiwa vitu. Duka la ushirika lilikuwa na rafu, mizani na muuzaji, bila kitu kingine. Mtu akisema sabuni imefika, watu waliacha majembe shambani wakakimbia, na mara nyingi walirudi wachafu zaidi kwa jasho la kukimbia. Mafuta ya taa, sukari, shati, vyote tulivizungumzia kama watu wanavyozungumza juu ya marehemu.

Sisi tulikuwa tumeshuka kutoka milima ya Mbulu na kupata shamba hapa Nakwa, karibu na Babati. Kule nilikozaliwa, ng'ombe walilala ndani ya nyumba pamoja nasi, na kila asubuhi samadi ilibebwa kwa vikapu mpaka shambani. Mtoto wa milimani alijifunza kazi hiyo kabla hajajifunza kusali. Mahindi yakinyauka, dawa ni samadi. Maharage yakigeuka njano, dawa ni samadi. Darasani sikuingia hata siku moja, lakini elimu hiyo moja niliikamata vizuri, na nikaamini kwamba duniani hakuna mmea unaoweza kuikataa. Nadhani kama ningeugua mwenyewe, ningetaka nipakwe.

Sasa nieleze kilichokuwa hatarini, ili asije mtu akadhani nasimulia habari za bustani. Binti yangu wa mwisho, ambaye ni mama yake huyu anayeandika, alikuwa na umri wa miaka minne, na nywele zake zilikuwa zimeanza kupauka kama majani ya kiangazi. Miguu ilimvimba. Muuguzi wa zahanati alimtazama, akabonyeza mguu kwa kidole, na shimo la kidole likabaki pale pale. Akasema mtoto apate maziwa kila siku. Maziwa ya kopo hayakuwapo, na ng'ombe wangu wawili walikuwa wamekwisha kufa kwa ndigana, ile homa iletwayo na kupe. Alibaki mmoja, mwenye mimba, akitazamiwa kuzaa baada ya miezi mitatu. Tumaini lote la nyumba yetu lilikuwa ndani ya tumbo la ng'ombe huyo: azae, akamuliwe, mtoto anywe.

Lakini kupe hawakujua habari za muuguzi. Josho la Bagara, tulikokuwa tukiogeshea mifugo, halikuwa na dawa. Lilikuwa shimo kavu lenye majani na chura mmoja. Bwana mifugo alipita kwa baiskeli akaniambia, "Shikamoo, mzee. Dawa imekwisha, na ya kuja sijaisikia. Kupe watoeni kwa mikono." Tukawatoa kwa mikono. Tulikuwa tukitoa kumi asubuhi na kukuta ishirini jioni, wale wadogo wa kiangazi, kama mbegu za ulezi, wamejipanga ndani ya masikio.

Siku ya mnada nilimwona mwanamke wa nyikani, mfugaji, mzee kunizidi, aliyeleta madume matatu. Nilipita karibu na madume yale nikayachungulia masikioni. Yalikuwa safi kama bakuli lililooshwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepoteza nini ndani ya sikio la ng'ombe wangu?"

"Natafuta kupe."

"Hao umewaacha nyumbani kwako," akasema, na wanawake aliokuwa nao wakacheka.

Nilimeza cheko lile kwa sababu ya mtoto. Nikamuuliza anatumia nini. Akanieleza kwamba kwao, kwenye vilima vya mawe, kuna mti wenye tumbo, ambao wakati wa kiangazi hauna jani hata moja bali maua matupu. Nikate tawi moja. Gome lake nilichemshe nje, wala si jikoni, kwenye chombo ambacho hakitapikiwa tena. Nimpake ng'ombe masikioni na chini ya mkia siku hiyo hiyo, nimzuie asijilambe, na mimi nisijishike macho, maana wazee wao walipaka utomvu wa mti huo kwenye mishale na mnyama hakufika mbali.

"Tawi moja tu?" nikauliza.

"Moja. Mti uuache ulipo."

Nikamjibu kwamba nimesikia. Na kweli nilisikia. Ugonjwa wangu haujawahi kuwa wa masikio.

Nilitoka alfajiri nikashuka nyikani, nikafika kwenye vilima vile jua likiwa utosini. Hapakuwa na majani ya kijani popote. Ardhi ilikuwa nyekundu, mawe yalikuwa ya moto hata kwa mtu mwenye katambuga za tairi, na katikati ya mawe, mahali ambapo mimi nisingepanda hata laana, ulisimama mti. Chini ulikuwa umevimba kama debe, ngozi yake laini ya kijivu, umejikandamiza kati ya mawe mawili mpaka ukachukua umbo la nafasi iliyokuwapo. Juu yake yalitoka matawi mafupi, mazito, yaliyopinda kama vidole vya mzee. Jani halikuwapo. Lakini kila ncha ya tawi ilikuwa na maua: petali tano, nyekundu pembeni, zikififia kuelekea katikati, na katikati koo refu lenye mistari inayoingia ndani kama njia za mbuzi ziendazo kisimani. Nimeona miti mingi iliyokufa. Sijawahi kuona maiti aliyevaa maua.

Hapo ndipo akili yangu ya milimani ilipoanza kazi. Nilijiambia: mti huu una njaa. Ikiwa kwenye mawe, bila tone la maji, unaweza kutoa maua haya, basi kwenye shamba langu, kwa samadi yangu, utakuwa mkubwa kama kanisa. Kwa nini nitembee kutwa kwa ajili ya tawi, wakati naweza kuwa na mti wenyewe mlangoni? Tena nilipokwaruza gome, ukatoka utomvu mweupe mwepesi, nikafurahi zaidi. Mtu wa huku anajua jambo moja kuhusu miti yenye maziwa. Mnyaa wa uzio, ule ambao watu husema ndio uliolipa Ziwa Manyara jina lake, hukatwa, huchomekwa ardhini papo hapo, na huota hata ukiuchomeka kichwa chini. Nikaona nimempata ndugu yake. Nitakata matawi, nitachomeka uzio mzima wa dawa, na Bagara yote itakuja kuniamkia.

Nilichimba mpaka jua likapoa. Nililala njiani kwa mtu wa ukoo wangu, na kesho yake nikaingia Nakwa nikiwa na lile tumbo kichwani, matawi yamefungwa mgongoni, maua yakinipiga masikio. Jirani yangu alikuwa akipukuchua mahindi mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Hilo boga umelitoa wapi?"

"Si boga."

"Basi ni jiwe?"

"Si jiwe."

"Jamani," akawaita wa ndani, "njooni muone. Sabuni imekosekana, sukari imekosekana, sasa na akili nazo zimekosekana. Mzee anabeba kisiki kilichovaa maua!"

Nilipita na mzigo wangu. Nilikuwa nimekwisha kumsamehe kwa ajili ya siku atakapokuja kuniomba tawi.

Mke wangu alilizunguka lile tumbo mara mbili akiwa ameshika kiuno. "Baba watoto, yule mama alisema tawi moja."

"Yule mama hana shamba."

"Na kule kwenye mawe, nani alikuwa akiupelekea samadi?"

"Ndiyo maana ni mdogo," nikasema.

Nilichimba shimo la kufika magotini, nikamwaga vikapu vitatu vya samadi, nikausimika mti na kuufukia mpaka nusu ya tumbo ili upate joto. Matawi niliyachomeka ukingoni mwa uzio, yakiwa bado yanachuruzika utomvu. Kisha nikaanza kumwagilia, ndoo mbili asubuhi na ndoo mbili jioni, nikibeba mwenyewe kutoka mtoni, mimi ambaye tangu nioe sikuwahi kubeba maji ya kupikia. Wanawake waliokuwa wakichota walinipisha kwa adabu, na nilipowapa mgongo nilisikia adabu ile ikigeuka kicheko.

Lakini kosa kubwa halikuwa samadi wala maji. Kosa kubwa ni kwamba nilimkataza kila mtu kugusa gome. Mke wangu alitaka kulichemsha siku ile ile. Nikamwambia mti ni mgeni, uacheni ushike mizizi kwanza. Baada ya wiki mbili akaniuliza tena.

"Mgeni hatumwi kazi," nikasema.

"Mgeni siku mbili, baba watoto. Ya tatu mpe jembe. Huyu wako ana wiki mbili, anakunywa maji kuliko sisi, na ng'ombe anajikuna mpaka ukuta unatikisika."

Angalikuwa mwanamume mwingine, angalishindwa kwa maneno hayo. Ila siku chache kabla yake nilikuwa nimepata ushahidi: mti ulikuwa umetoa majani. Majani ya kijani, yanayong'aa, mapana kuelekea nchani kama kijiko, yamekusanyika mwisho wa kila tawi. Maua yalikuwa yamedondoka yote, lakini hilo sikulihesabu. Niliwaita watu. Nilimsimamisha bwana mifugo na baiskeli yake nikamwonyesha. Akasema, "Umekuwa mtaalamu, mzee," nami nikakubali sifa ile bila hata kujifanya naikataa. Jioni hiyo nilimweleza mke wangu kwamba serikali ikikosa dawa, watu wenye akili hawakosi. Alikuwa amempakata binti yetu, akimsugua miguu iliyovimba, na hakunitazama.

Wiki ya tatu, asubuhi moja, niliona mti umeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza. Nikaweka kidole kwenye tumbo ili niusimamishe. Kidole kikaingia ndani mpaka kiungo cha pili. Nilipokitoa, kilifuatwa na maji ya kahawia na harufu ya viazi vilivyosahauliwa kwenye gunia. Nikavuta tawi, likabaki mkononi. Nikaenda ukingoni nikavuta yale niliyochomeka, yakatoka moja baada ya jingine bila kupinga, yote meusi kuanzia pale nilipoyakata. Gome halikuwa gome tena. Lilikuwa uji.

Nilikuwa bado nimesimama hapo nikinusa kidole changu wakati mke wangu aliponiita kutoka upande wa ng'ombe. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Ng'ombe alikuwa amelala, hacheui. Chini ya sikio la kushoto tezi lilikuwa limevimba kama yai la kuku. Alama ile niliijua. Niliiona kwa wawili waliotangulia.

Nilishuka nyikani bila kula. Nilimkuta yule mwanamke kwenye boma lake akishona kibuyu kilichopasuka. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, marefu, yenye kuonyesha kwamba mti wenyewe ulikuwa na kasoro. Lakini nilipofika nilimwamkia, na nikajikuta nasema yote kama yalivyokuwa: niling'oa, nilitia samadi vikapu vitatu, nilimwagilia ndoo nne kwa siku, ng'ombe ameshikwa.

Alicheka mpaka akaweka kibuyu chini. Kisha akawaita wakwe zake. "Njooni msikie. Huyu baba ametia samadi mti wenye tumbo! Haya, baba, waambie wewe. Ndoo ngapi?"

"Nne," nikasema.

"Kwa siku?"

"Kwa siku."

Walipokwisha kucheka, akainuka, akachukua kisu, akanipeleka kwenye mti uliokuwa nyuma ya boma. Ndipo akanifundisha, na ni darasa pekee nililowahi kukaa mpaka mwisho. Akaligonga tumbo kwa mpini wa kisu. Hili ndilo kisima chake, akasema. Hunywa mvua inapokuja, kisha hufunga mdomo. Kiangazi hudondosha majani ili jua lisiuibie maji, na hulala. Katika usingizi huo ndipo hutoa maua, kwa maji uliyojiwekea. Majani niliyoyaona kwangu hayakuwa shukrani kwa samadi. Mti ulikuwa umeamshwa kwa nguvu nje ya wakati wake, na mizizi isiyojua kunywa kila siku ilikuwa ikioza chini huku mimi nikipokea pongezi juu. Akanionyesha matunda yake, mawili mawili yameungana shingoni kama pembe za ndama. Akapasua moja lililokauka. Mbegu zilikuwa nyembamba kama pumba za mpunga, na kila moja ina shungi la nywele kila upande, upepo ukija huiviringisha kama gurudumu mpaka ikwame kwenye ufa wa jiwe. "Tawi nalo ukilikata," akasema, "huliachi livuje ndani ya udongo. Unalilaza kivulini siku nyingi mpaka kidonda kifunge. Wewe ukiumia mguu, unautumbukiza kwenye samadi?"

Alikata tawi moja, akapaka majivu kwenye jeraha la mti, akalifunga tawi kwa majani makavu na kunipa.

"Hii itaua kupe," akasema, na sasa hakuwa akicheka. "Homa iliyokwisha kuingia haitaiua. Ungempaka siku ile niliyokuambia."

"Najua, mama."

"Sasa ndiyo unajua."

Nyumbani mke wangu alininyang'anya lile tawi bila neno. Alilichemsha nje kwenye kopo kuukuu, akampaka ng'ombe masikioni kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, na kazi yangu ikawa kushika kichwa ili asijilambe. Kesho yake kupe walikuwa wakidondoka kama ulezi uliomwagika. Dawa ile ilikuwa kweli, na ningeweza kuitumia wiki tatu kabla. Bwana mifugo alikuja, akapima homa, akasema sindano ya ndigana haipo Babati wala hajui iliko. Tumweke kivulini, tumnyweshe.

Basi nikarudi mtoni na ndoo zangu, na safari hii wanawake hawakucheka. Siku tisa ng'ombe yule alilala huku nikimfungua mdomo na kummiminia maji kwa kibuyu. Siku ya kumi alisimama, miguu ikitetemeka, akang'ata majani ya mgomba. Tuliita majirani. Tulimshukuru Mungu kwa sauti. Siku ya kumi na mbili alitupa mimba. Ndama alikuwa mdogo wa kubebwa kwa kikapu kimoja, nami nilimbeba. Kiwele cha mama yake kilibaki bapa, na mwaka ule hapakuwa na maziwa nyumbani kwangu.

Lazima niseme na jambo la samaki, maana mwandishi wangu ananiuliza mama yake alipona vipi. Sisi watu wa milimani wa rika langu hatukula samaki. Tulimhesabu kuwa ndugu wa nyoka, na mimi nilikuwa nimepiga marufuku hata harufu yake mlangoni, ingawa ziwa la Babati liko hapo chini, linatutazama. Mke wangu hakuniomba ruhusa. Alichukua kopo la mahindi, akashuka ziwani, akarudi na samaki wakavu. Akawatwanga kwenye kinu chetu pamoja na maharage ya kukaanga, akakoroga uji. Nilifungua mdomo ili nikataze. Akanitazama. Nikaufunga.

Mtoto aliupenda uji ule tangu siku ya kwanza. Taratibu sana, kwa miezi, miguu ilinywea na nywele zikarudi nyeusi. Lakini hata alipokuwa akipata nafuu, alikuwa na ahadi moja kichwani ambayo sisi wakubwa tulimpa mara nyingi mno. Asubuhi moja alishika bakuli lake kwa mikono miwili, akachungulia ndani, akauliza:

"Baba, maziwa ya ng'ombe wetu yako wapi?"

Nikamwambia ng'ombe amechoka, amepumzika.

"Mwambie kweli," mke wangu akasema, bila kuinua uso kutoka kwenye jiko.

Nikakohoa. Nikamwambia kwamba baba alikuwa na dawa ya ng'ombe akaichelewesha, kwa sababu alikuwa akiumwagilia mti.

Akafikiri. "Mti ulikuwa na kiu?"

"Hapana."

"Sasa uliumwagilia kwa nini?"

Nikamwamuru anywe uji wake.